Upande wa Njaa

Siku ya kupima ngano Novatus alivaa shati la Jumapili, akachomekea, akapiga viatu rangi, kisha akasimama kando ya mizani na daftari lake kifuani. Mgeni angedhani anaozesha binti. Watu zaidi ya hamsini wa kijiji cha Kirushya walikuwa wamejaa uani kwake, wengine wamekalia magogo, wengine wamepanda juu ya tuta ili wauone vizuri mshale wa mizani.

Kilichowaleta ni shida, tusidanganyane. Mwaka uliotangulia mnyauko uliingia migombani, ikatoka amri kila shina linaloumwa ling'olewe na kufukiwa, na yakang'olewa karibu yote. Watu waliozoea kuamka na kukata mkungu nyuma ya nyumba wakawa wananunua unga wa kupimiwa kwa kikombe. Ndipo mradi ulipokuja na ngano ya kiangazi, na pampu moja ya mafuta kule bondeni. Pampu moja, kaya arobaini. Kila kaya ingepata maji mara mbili tu, tangu kupanda mpaka kuvuna. Basi swali lilikuwa moja, na lilikuwa swali la kula au kutokula: katika aina nne za ngano zilizoletwa, ni ipi inayoweza kuzaa kwa maji ya mara mbili?

Jaribio liliwekwa kwa Novatus, nyuma ya jiko, pale ilipokuwa migomba. Vipande vinane vidogo, kila kimoja hatua nne kwa tano. Vinne vilimwagiliwa kila wiki, watu wakaviita upande wa shibe. Vinne vilipewa maji mara mbili basi, na huo ukawa upande wa njaa. Jaribio jingine kama hilo liliwekwa Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, lakini huko ng'ombe waliingia asubuhi moja ya mwezi wa nane wakala aina zote nne bila ubaguzi. Kilichobaki ni cha Novatus peke yake.

"Upande wa shibe tumeshaupima, haututishi," alisema Bi Anneth, mtaalamu wa mradi, mwanamke wa makamo mwenye kofia pana na sauti ya upole. "Sasa tuone wenye njaa."

Audax, bwana shamba wa kata, akatundika mfuko wa kwanza. Namba moja, kilo mbili kasoro. Namba mbili, ile fupi isiyo na ndevu ambayo watu waliibandika jina la Kipara, kilo tatu na robo. Namba tatu, kilo mbili. Kisha akatundika namba nne, mshale ukashuka, ukaendelea kushuka.

"Saba," Audax alisema. Akaigonga mizani kwa kidole, akautua mfuko, akautundika tena. "Saba kamili."

Uwanja mzima ulivuma. Bi Anneth hakuvuma. Alivua kofia, akamgeukia mwenye shamba.

"Mzee Novatus, hiki kipande cha namba nne kilitiwa maji mara ngapi?"

"Mara mbili. Imeandikwa."

"Hakuna maji mengine yoyote yaliyoingia hapo?"

"Sifuri. Siku mia moja na nne nimeandika, na kila siku nimetia saini." Akalifungua daftari, akalishika kwa mikono miwili kama anavyoshika padre kitabu chake.

Bi Anneth akapekua ukurasa baada ya ukurasa. Sifuri zilikuwa zimepangwa wima, safi, hakuna iliyofutwa wala kuchafuliwa. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na sita," alisema, "sijapata mkulima anayeandika namna hii." Novatus aliisikia sentensi hiyo mbele ya watu hamsini, nayo ikamkaa mwilini kuliko chakula chochote alichokula mwaka ule.

Mkewe, Ildefonsa, alikuwa anawagawia wageni uji. Alikuwa na siku mbili tu tangu arudi kutoka Nyakahura, alikokaa karibu miezi minne akimuuguza binti yao Ineza, aliyelazwa kwa mimba ya mapacha mpaka akajifungua. Ngano aliiacha haijaota, akaikuta imekauka tayari kwa kupurwa. Mama mkwe wake, Bibi Scholastika, alikuwa kwenye mkeka mlangoni pa jiko anachambua maharage. Yeye hakuulizwa kitu na mtu yeyote. Angeulizwa nini? Hakuwa na daftari.

&nbsp;

Kesho yake asubuhi Ildefonsa aliosha vyombo, akainua beseni ili akalimwage. Bibi Scholastika akalishika upande wa pili.

"Niachie hilo, mama Ineza. Hiyo ni kazi yangu."

Alikuwa na miaka themanini na ushei, mgongo umepinda, lakini beseni alilibeba. Akatoka nalo polepole mpaka kwenye kona ya shamba iliyo karibu na jiko, akalimwaga palepale: maji, ukoko wa ugali, majani ya maharage, majivu kidogo. Kisha akaligonga beseni kwa kiganja litoke lote.

Ildefonsa alisimama mlangoni. Ngano ilikuwa imekwisha kukatwa, na sehemu nyingine zote za upande wa njaa zilikuwa vumbi jeupe. Kona ile ya namba nne ilikuwa nyeusi ya rutuba. Mabua yalikuwa yameanza kuchipua upya, na katikati yake umejiotea mchicha wa kutosha mboga ya jioni.

"Mama, unamwaga wapi hapo?"

"Kwenye mgomba."

"Mgomba si uling'olewa?"

"Uling'olewa. Mahali pake hapakung'olewa." Bibi alirudi akikokota miguu. "Baba yenu Telesfori alipanda hapo mwaka alionioa. Nimemwaga hapo tangu nina meno yote kinywani."

"Na ngano ilipokuwa hapo?"

"Ngano ilinikuta."

"Ulikuwa unamwaga kila siku, Mama?"

"Kwani wewe unakula leo unaosha wiki ijayo?"

"Mabeseni mangapi?"

"Mawili. Asubuhi na jioni. Siku za kukamua pombe ya rubisi, matatu." Bibi akamtazama. "Una nini? Mbona umekunja uso?"

Ildefonsa alikuwa anahesabu. Beseni lile ni lita kumi na tano. Mawili kwa siku, kwa siku mia na zaidi. Alihesabu kwa madumu kwa sababu madumu ndiyo anayoyabeba kichwani, akapata madumu mia na hamsini na ushei, yote kwenye kipande cha hatua nne kwa tano. Akaketi kwenye kizingiti.

Mtu wa mbali atauliza, hivi hawa watu ni vipofu? Si vipofu. Kirushya nzima maji ya vyombo hurudi mgombani, pamoja na maganda, majivu na machicha ya pombe. Mama wa Novatus alifanya hivyo, na bibi yake kabla ya hapo. Hakuna mtu aliyewahi kuita jambo hilo kumwagilia. Kumwagilia ni kwa pampu, mpira na bwana shamba. Haya mengine ni kumwaga tu, na nani anaandika daftarini kwamba ameoga, amefagia, amemwaga maji ya vyombo?

&nbsp;

"Maji ya vyombo si umwagiliaji," Novatus alisema.

"Ngano inalijua hilo?"

Alikuwa amekaa sebuleni, daftari mezani. Tangu jana halikurudi sandukuni. Ildefonsa alibaki amesimama.

"Baba Ineza, ulikuwa unamwona?"

"Nilikuwa namwona. Nimemwona tangu nimezaliwa. Ulitaka niandike kwamba mama amemwaga maji ya vyombo? Niandike na kuku waliodonoa?"

"Ungeandika."

"Safu ilisema maji yaliyotiwa. Sikuona kama ni maji." Sauti ilishuka. Kwa mara ya kwanza alielewa mwenyewe anachokisema. "Bi Anneth amelipiga picha daftari langu. Amesema litaonyeshwa mkoani. Ameomba kikundi kinipe uenyekiti. Nikienda leo nikasema hivyo, nitakuwa nani?"

"Mtu aliyekosea."

"Mtu aliyekosea mara mia na nne, na kila mara akatia saini, anaitwaje?"

Novatus hakuwa mtu mbaya, na anayetaka kumsikia mbaya atafute hadithi nyingine. Aliachishwa shule darasa la nne akalime. Kanisani masomo walipewa wenzake, yeye akapewa kupanga mabenchi. Katika maisha yake yote hakuna msomi aliyewahi kuangalia mwandiko wake akausifu, mpaka jana. Ndiyo raha aliyokuwa anaitetea pale mezani, nayo ilikuwa na umri wa siku moja tu.

"Watu arobaini watapanda namba nne," Ildefonsa alisema. "Watu arobaini wenye maji ya mara mbili. Unajua kitakachowapata."

"Huenda ikazaa. Huenda ni ngano nzuri kweli."

"Huenda?"

"Mama Ineza, niache."

&nbsp;

Ildefonsa akaenda ofisi ya kata. Alifika saa tatu, akaambiwa asubiri kwenye benchi, akasubiri mpaka saa saba. Audax alipita mbele yake mara nne. Mara ya tano ndipo alipomwita, na kwanza akamwandikisha kitabu cha wageni, jina, kijiji, shida. Kwenye shida Ildefonsa hakujua aandike nini. Audax akamwandikia: mazungumzo.

Alimsikiliza mpaka mwisho, hilo tumpe. Kisha akafuta jasho.

"Ripoti imeshakwenda, mama."

"Iandikwe nyingine."

"Niandike nini? Kwamba bibi wa miaka themanini na beseni lake wameharibu utafiti? Watacheka mpaka mkoani. Na baada ya kucheka wataniuliza mimi nilikuwa wapi. Nilitakiwa kufika pale kila wiki. Unajua nimefika mara ngapi? Pikipiki haina mafuta tangu mwezi wa sita." Akashusha sauti. "Nyakahura ng'ombe wamekula. Kwenu tena tufute? Mradi utaondoka na pampu yake, mtabaki na nini?"

"Tutabaki na Kipara. Kipara ilipata kilo tatu na robo kwa maji ya mara mbili ya kweli. Hiyo ndiyo iliyoshinda, bwana shamba. Ipewe watu hiyo."

"Mama, nani atachukua mbegu ya kilo tatu wakati ameona kwa macho ya kilo saba?"

Hapo hakuwa amekosea, na Ildefonsa alilijua hilo jioni ileile. Alipita kwa Priscila, jirani yake, mjane mwenye watoto wanne na kipande kimoja tu cha bondeni. Priscila alikuwa anapepeta maharage. Ildefonsa alimweleza yote taratibu, kona, beseni, mgomba.

"Usiandikishe namba nne, mama Ishimwe. Nakuomba. Chukua namba mbili."

Priscila aliendelea kupepeta. "Kumbe."

"Kumbe nini?"

"Nilikuwa najiuliza mtaanzaje. Mbegu imeshinda kwenu, mwenyekiti atatoka kwenu, sasa na kuipanda mnataka mpande wenyewe. Sisi tupewe Kipara." Hakupandisha sauti, hata alitabasamu kidogo. "Mume wangu angekuwa hai usingekuja kuniambia hivyo, mama Ineza."

Miaka ishirini na miwili walikuwa wamechota maji njia moja. Ildefonsa aliapa kwa Mungu kwamba hamfichi kitu, na Priscila akasema kila mtu humtaja Mungu. Akageuka na ungo wake akaingia ndani.

&nbsp;

Mkutano wa kuandikisha mbegu ulifanyika mwezi wa kumi, katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Bi Anneth alikuja na fomu. Novatus alikaa mbele, kwenye kiti cha mwalimu. Audax aliposoma kwamba chaguo lililopendekezwa ni namba nne, watu wakapiga makofi, na makofi yalipoisha Ildefonsa akasimama.

Alisema. Alisema yote, na mwisho akataja madumu mia na hamsini. Walioko nyuma walianza kucheka kwenye neno beseni. Mtu mmoja aliuliza kama mradi utagawa na vyombo vya kuosha. Bi Anneth hakucheka. Alikuwa ameacha kuandika.

"Bibi mwenyewe yupo?"

Alikuwepo. Alikuwa nje kwenye nyasi na wanawake wengine wazee. Akaingia na fimbo yake, na kwa heshima dawati la mbele likaachwa wazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, uliwahi kumwagilia ile ngano?"

"Sikuimwagilia."

Kicheko kikarudi, safari hii kwa sauti. Ildefonsa akafumba macho. Bi Anneth akanyoosha mkono watu wanyamaze.

"Na maji ya vyombo, Bibi?"

"Hayo nilimwaga. Kila siku. Ninapomwaga siku zote, mahali pa mume wangu." Aliwatazama waliokuwa wakicheka, mmoja baada ya mwingine, wengi alikuwa amewapokea mikononi walipozaliwa. "Kama yameharibu kazi yenu, semeni. Mimi sikuambiwa nisiyamwage."

Ilikuwa dhahiri kwa yeyote mwenye masikio kwamba kizee kile hakikuwa na sababu ya kudanganya. Bi Anneth akageuka.

"Mzee Novatus. Wewe ndiye uliyeandika, wewe ndiye uliyekuwepo. Ni kweli?"

Hapo ndipo palipokuwa na kila kitu. Neno moja, kweli, na karatasi ile ingefutwa, watu wangenuna wiki mbili, wangepanda Kipara, wangekula kidogo lakini wangekula. Novatus aliangalia daftari mbele yake. Akaangalia madawati. Wale aliokuwa akiwapangia mabenchi walikuwa wanasubiri asemalo.

"Mama yangu amezeeka," alisema.

Akaliweka sawa daftari lake.

"Akili imeanza kumtoka. Sisi nyumbani tunajua, tulikuwa hatupendi kusema mbele za watu. Husema vitu ambavyo havikutokea. Juzi ameniita kwa jina la marehemu baba." Akamgeukia mkewe. "Na mama Ineza hakuwepo. Alikuwa Nyakahura, ameyasikia kwake."

Uongo wote huo aliutoa kwa sauti ya huzuni, nao ukapita. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, wakamhurumia yeye. Bi Anneth alishusha pumzi. Alikuwa na kata nne za kupitia juma lile, na bajeti inayofungwa, na mezani mwake kulikuwa na bibi upande mmoja na siku mia na nne zenye saini upande wa pili. "Daftari ndilo nililo nalo," alisema, kama anayeomba radhi. Akarudi kwenye fomu yake.

Wakapiga kura kwa mikono, mkono mmoja kila kaya. Ildefonsa hakuwa na mkono, maana wa kaya yake ulikuwa wa mumewe. Namba nne ilipata arobaini kati ya arobaini.

Bibi Scholastika alikuwa bado kwenye dawati la watoto. Hakulia, wala hakumlaani mtu. Alimtazama mwanawe muda mrefu, kwa makini, jinsi mtu anavyotazama sura aliyoambiwa aikumbuke. Kisha akajiinua kwa fimbo, na Ildefonsa akamshika mkono wakaenda nyumbani.

Asubuhi iliyofuata vyombo vilioshwa, beseni likabaki limejaa mlangoni mpaka jua likawa kali.

"Mama, leo humwagi?"

"Mimi sina akili," Bibi alisema. "Nitamwaga pasipofaa."

&nbsp;

Mbegu ilikuja mwezi wa tano, mvua zilipokuwa zinaaga. Kaya arobaini zilipanda bondeni kipande kwa kipande, na mwenyekiti Novatus akapanda ya kwake katikati. Ikaota vizuri, ngano haikosi kuota kwenye unyevu wa bure. Maji ya kwanza yakatolewa kwa zamu, kila kaya kwa saa yake, Novatus akiandika. Maji ya pili yakatolewa ngano ikiwa magotini. Kisha pampu ikafungiwa stoo, na jua la mwezi wa saba likaanza kazi.

Namba nne ilikufa kama mtu mwenye adabu. Ilisimama wima, ikatoa masuke marefu yenye ndevu, ikapendeza kwa mbali, na ndani ya masuke hamkuwa na kitu. Priscila alikata suke la kwanza akalipura kiganjani, akapuliza, kiganja kikabaki kitupu. Akakata la pili. Alikata masuke mstari mzima, akipuliza moja baada ya jingine, mpaka makapi yakamjaa kwenye khanga.

Akapanda kilima mpaka kwa Ildefonsa, na hodi hakupiga.

"Namba nne ya kweli mmeificha wapi?"

"Hakuna nyingine, mama Ishimwe."

"Ile ya kilo saba. Tuliyoiona. Hii mliyotupa siyo."

"Njoo," Ildefonsa alisema.

Akamshika mkono akamshusha bondeni, mpaka kwenye kipande cha mwenyekiti. Priscila akakata suke, akapura, akapuliza. Akakata jingine. Kisha akakaa chini kwenye tuta. Ildefonsa alingoja atukanwe, angefarijika kidogo.

"Uliniambia," Priscila alisema.

"Nilikuambia."

"Ungenipiga, mama Ineza. Ungenipiga makofi nikasikia."

Wiki iliyofuata Ishimwe, binti yake mkubwa aliyekuwa kidato cha pili, alipelekwa Rusumo kuuza chai kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Aliondoka na sare yake ya shule kwenye mfuko, kwa sababu mama yake alimwambia ni kwa muda tu. Kaya nyingine ziliuza mbuzi, nyingine ziliuza mabati ya jiko. Kipara hakuna aliyeitaja.

Bi Anneth hakuja. Alikuwa amehamishiwa mradi mwingine, ikaja fomu. Audax aliileta kwa pikipiki, safari hii mafuta yalipatikana. Fomu iliuliza sababu ya mavuno duni, na sababu ilikuwa imeshaandikwa kwa kalamu ya Audax: wakulima hawakuzingatia ratiba ya maji.

"Walizingatia," Novatus alisema. "Nimeandika mwenyewe. Kila mmoja mara mbili, saa na tarehe."

"Ninajua."

"Basi?"

"Basi kama walizingatia, aina tuliyochagua ndiyo mbaya. Na kama aina ni mbaya, wataanza kuuliza ilishindaje kwako." Audax hakumtisha, alikuwa amechoka tu. "Chagua, mwenyekiti. Mimi sina haraka."

Novatus alitia saini. Mkono wake ulikuwa bado mzuri, herufi zimelala upande mmoja. Katika karatasi ile Priscila na wenzake thelathini na wanane wakawa wavivu waliopewa kila kitu wakashindwa kumwagilia. Audax akaikunja, akaiweka mfukoni, akaondoka.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Novatus akabaki ameketi, kisha akainuka akazunguka nyuma, kwenye chumba cha mama yake. Tangu mkutano ule, kwa miezi kumi, alikuwa anamwamkia kila asubuhi naye anaitikia marahaba, basi, hakuna neno la pili. Akajiambia mama ana hasira, itaisha. Wengine wote Bibi alizungumza nao. Asubuhi ileile alikuwa ametaja majina ya wajukuu wake wote kumi na mmoja na mapacha wa Ineza juu yake, akamkumbusha Ildefonsa ni nani anayemwekea yai la kuatamiza, na akabishana na katekista juu ya tarehe ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, akashinda.

Alimkuta amekaa mlangoni, anachambua mchele. Akachuchumaa mbele yake, mtu mzima mwenye mvi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekuja kuzungumza." Akasubiri, hakusaidiwa. "Ulisema kweli siku ile. Nilijua unasema kweli. Nilikuwa nakuona kila siku na beseni. Nimekudhalilisha mbele za watu, Mama, na watu wamepoteza chakula kwa ajili yangu. Nitaenda kuwaambia. Nitawaambia wote. Lakini nilitaka nianze na wewe."

Bibi Scholastika aliacha kuchambua. Akaweka ungo pembeni, akainua uso, akamtazama kwa upole. Macho yake yalikuwa angavu, hayana ukungu wowote.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliuliza.

"Mama, ni mimi."

"Sikumbuki."

"Ni Novatus, Mama. Mwanao."

Bibi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikitika kwamba hawezi kusaidia. Kisha akageukia jikoni, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mama Ineza. Kuna mgeni huku. Mletee kiti."

Ildefonsa akatokea mlangoni. Akamwona mumewe amechuchumaa, akamwona mama mkwe wake ameurudia ungo wake. Akaingia ndani, akaleta kiti.